Presha Iliyojua Saa ya Wageni

Kama uko kliniki sasa hivi, umekaa kwenye benchi na mkono wa sweta umeukunja tayari kupimwa, nakuandikia wewe. Sitakueleza presha ni nini. Wapo watakaokueleza, na usipowaelewa, ukutani kuna mchoro wa moyo wa rangi nyekundu na buluu ambao mimi nimeutazama mpaka nikauchukia. Nitakueleza tu jinsi nilivyougua na jinsi nilivyobaki hai. Ukiona maneno yangu yana uchungu, ujue sikusahau kuuficha. Sitaki kuuficha.

Jina langu ni Kemunto, ingawa tangu nijifungue wananiita Mama Faith. Nilizaliwa Nyamarambe nikaolewa Birongo, kwenye boma la ndugu watatu. Mume wangu Ombati ndiye kitinda mimba wao. Nilipochumbiwa, shangazi yangu alinipongeza sana. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Nyumba ya mama huwa yake, na jiko la mama huwa la mke wake. Niliona nimeokota dodo. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza upande wa pili.

Upande wa pili ni huu. Mama Brenda, mke wa kaka mkubwa, alipoolewa alipika kwa mama mkwe mpaka alipokuja mke wa kaka wa pili. Huyo wa pili, Mama Brian, akapokea sufuria, na Mama Brenda akawa mtu wa kuketi. Mama Brian naye akapika mpaka nilipokuja mimi. Nikapokea sufuria kwa mikono miwili, nikitabasamu kama mjinga. Baada yangu hakukuwa na mtu wa kuja. Ndugu walikuwa wameisha.

Sisi ni Wasabato. Siku ya Sabato hatupiki, kwa hivyo chakula cha boma zima huandaliwa Ijumaa, na baada ya ibada kila mtu hula nyumbani kwa mama mkwe, ambaye sote tunamwita Omong'ina. Wanaosema chakula “huandaliwa” ni wale walioketi. Nilikuwa nikiandaa mimi. Asubuhi tunachuma majani chai, Mama Brenda mistari ya juu kando ya barabara, Mama Brian mistari ya katikati, mimi kule bondeni kwenye utelezi. Nikipanda na kikapu, nakuta ndizi zinanisubiri kumenywa, na mboga ya chinsaga bado haijachambuliwa.

Hakuna aliyenipiga. Nasema hivi kwa sababu kila nilipojaribu kueleza, swali lilikuwa moja: “Kwani wanakupiga?” Hapana. Nikiketi tu, mtu anakumbuka chumvi. “Mama Faith, chumvi.” Nikirudi, nusu ya nafasi yangu imeshakaliwa. Nikisema neno, Mama Brian anageuka kumtazama Mama Brenda kwanza, aone kama neno hilo ni la kuchekwa. Kwa kawaida lilikuwa la kuchekwa. Utamweleza nani jambo kama hilo, na ataliandika wapi?

Ugonjwa ulianza kwenye mvua ndefu, wakati majani chai yanakua haraka na hakuna anayepumzika. Nilikuwa nikisikia patipati za Mama Brenda, ndara zake za mpira, uani, moyo unaanza kudunda mpaka nausikia masikioni. Viganja vinalowa. Tumbo linawaka moto. Mwili wangu ulikuwa umejiandaa kukimbia mbio za kuokoa roho, na mimi nimesimama palepale nachuja chai. Patipati zikiondoka, moyo haukuondoka nazo. Uliendelea hivyo mpaka jioni.

Kisha hedhi ikakatika. Nikadhani nina mimba, na kila mtu akadhani hivyo. Faith alikuwa ameshaingia darasa la nne na watu walikuwa wamechoka kuningojea. Msimu ule niliwekewa kiti. Omong'ina mwenyewe aliniambia niketi, na Mama Brian akachambua mboga akiwa amenuna. Nilipumzika kweli, sikatai. Zahanati ikapima ikasema hakuna mtoto. Nilirudi nyumbani, nikasimama mlangoni, na kabla sijamaliza kueleza nilikabidhiwa kisu cha kumenyea ndizi.

Presha waliiona siku hiyohiyo. Wakanipa tembe nyeupe.

Na sasa nikuhadithie habari ya kuku, maana bila kuku nisingeelewa chochote. Nilikuwa nafuga kuku wachache nyuma ya jiko. Kila jioni nawamwagia mahindi, yanatosha wote na kubaki. Lakini kulikuwa na mmoja, wa rangi ya majivu, aliyekuwa amekonda, manyoya ya kichwani na shingoni yameng'oka, na hatagi. Watoto walimwita Kipara. Nikampa dawa ya minyoo. Nikampaka mafuta ya taa miguuni kama nilivyoona mama yangu akifanya. Wapi!

Wakati wa kiangazi, kwa kuwa kizunguzungu kilinilazimisha kukaa sana kwenye ngazi ya jiko, nikaanza kuwatazama. Kuku mkubwa mwekundu hakuwa na shida na Kipara. Alikula akashiba akaenda zake. Aliyemdonoa Kipara ni yule wa pili kutoka chini. Huyo hakuwa na wa kumdonoa mwingine, kwa hivyo hakubanduka kwake. Na baada ya muda hakuhitaji hata kumdonoa. Aligeuza shingo tu, Kipara akajikunyata kando ya ua na mahindi yamejaa mbele yake. Nilikaa pale nikatazama mpaka chai yangu ikapoa.

Nikamtenga. Nilimfunika kwa tenga karibu na mlango, peke yake, na mahindi yaleyale na maji yaleyale. Kabla mvua fupi hazijaisha alikuwa ameota manyoya mapya na ametaga yai. Nililichukua lile yai likiwa bado na joto na nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Nywele zangu nazo zilikuwa zimeanza kung'oka, mafungu mazima yakibaki kwenye kitana. Nikaanza kufunga kitambaa, hata ndani ya nyumba. Sabato moja nikiinama kuweka sahani, kitambaa kikateleza. Mama Brian akamtazama Mama Brenda, kisha akasema, “Mama Faith, siku hizi unafanana na kuku yako.” Wakacheka. Omong'ina akacheka. Ombati, mume wangu, akatazama sahani yake.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini hakusema kitu.

“Ni mchezo tu,” akasema. “Vumilia. Mama ni mzee.”

“Na mimi nikifa kabla yake?”

“Usiongee hivyo.”

Ombati si mtu mbaya. Ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Nyamira, mikono yake imejaa makovu ya cheche, na hajawahi kuninyima kitu. Lakini alizaliwa wa mwisho. Alikuwa amefundishwa kutoka utotoni kwamba wakubwa wakicheka, wewe unatazama sahani. Na kitinda mimba hahami. Kaka zake wangeweza kwenda kujenga Nairobi, lakini yeye angebaki kumfungia mama mlango siku atakapokufa. Niliyajua hayo yote na bado nilimkasirikia.

Tembe nyeupe zikaongezewa za waridi. Siku moja kwenye kituo cha kupima majani chai nikaona watu wawiliwawili, kisha sikuona kitu. Nilizinduka hospitalini Kisii mjini, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Nitakuambia jambo la aibu. Nilipenda kule. Nilipenda uji ulioungua, nilipenda shuka lenye muhuri, nilipenda hata yule mama wa kitanda cha pili aliyekoroma. Alikuwa ametoka Nyamarambe kama mimi, na akiletewa ndizi mbivu alinimegea nusu bila kuniuliza mimi ni mke wa nani. Mashine ikanibana mkono asubuhi, presha imeshuka. Kesho yake imeshuka zaidi. Kisha wageni wakaja, Omong'ina, Mama Brenda na Mama Brian, na kikapu cha chapati, wakasimama kuzunguka kitanda wakinipa pole. Walipoondoka muuguzi akanipima, akatazama mashine, akanipima tena.

Alikuwa mama mnene asiyecheka hovyo. Siku zilizofuata alinipima kabla ya wageni na baada ya wageni. Mwishowe akavuta pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo nafikiri hawaruhusiwi.

“Hii presha yako inajua saa ya wageni,” akasema. “Nyumbani unaishi na nani?”

Nikamwambia. Hakushangaa hata kidogo. Alimwita Ombati kando akamwambia mke wako akirudi apumzike, asirudi kwa kazi ileile. Ombati akaitikia kwa heshima zote. Nami nakuomba, wewe wa benchi, ukiulizwa unaishi na nani, usiseme “vizuri tu.” Mimi nilisema “vizuri tu” mwaka mzima kwa watu waliokuwa wameshika kalamu.

Niliporuhusiwa kutoka, nilikuwa nimenona kidogo usoni. Nilifika nyumbani nikamtoa Kipara kwenye tenga. Nilifikiri sasa ana nguvu, ana manyoya, ametaga, wenzake watamwona ni kuku mwingine. Nilifikiri hivyohivyo juu yangu. Akatembea mpaka katikati ya ua. Yule wa pili kutoka chini akageuza shingo.

Na boma likakaa likaamua kwamba Mungu ametenda, kwa hivyo kutakuwa na chakula cha shukrani kwa ajili ya kupona kwangu. Kina mama wa kanisa wataalikwa, na mzee wa kanisa, na majirani. Siku ya Sabato. Maana yake kupika Ijumaa. Najua unatarajia niseme kwamba mtu alikumbuka, kwamba mtu alisema, “Ngoja, shukrani yenyewe si ni ya huyu?” Hakuna. Walimshukuru Mungu kwa moyo safi na wakaniletea sufuria kubwa ya kanisa. Sidhani walitaka kuniumiza. Jiko lilikuwa na mtu wake, na mtu wake alikuwa amerudi.

“Hata mimi ningekusaidia,” Mama Brian akasema, “lakini hii mgongo.”

Ombati alikuwa kazini. Nilimpigia simu. Akasema, “Wamealika watu tayari. Malizia hii tu.”

Alasiri Mama Brian alikuja jikoni ameshika kuku kwa miguu, ameshachinjwa. Alikuwa Kipara. Shingo yake ilikuwa imedonolewa mpaka nyama. “Huyu alikuwa anakufa tu,” akaniambia. “Weka kwa supu.” Nilimnyonyoa, na wala hakukuwa na kazi kubwa, manyoya yalikuwa machache tena. Nikamkatakata nikamweka sufuriani pamoja na wengine. Mikono yangu ilifanya kazi yote hiyo, nami sikumbuki kupumua.

Sabato ilikuwa na jua zuri. Viti vya kanisa vimepangwa uani, kina mama wamevaa sketi za buluu, wanaimba vizuri mpaka majirani wakasimama kwenye ua wa michai kusikiliza. Mimi nilikuwa jikoni napakua. Mzee wa kanisa akasema sasa tumwombee dada yetu ambaye Bwana amemwinua kutoka kitandani, yuko wapi? Wakatazamana. Nikamsikia Mama Brenda akiita kwa sauti ya furaha:

“Mama Faith! Njoo uombewe. Na ukikuja, ukuje na chupa ya chai!”

Nikaichukua chupa ya chai kwa mkono wa kushoto. Nilifika katikati ya watu. Nikaona kifuniko kinaondoka, kisha chai inamwagika kwenye miguu yangu, na sikusikia joto lake. Nilitaka kusema “samahani.” Nusu ya mdomo wangu ikakataa. Nikamtazama Omong'ina, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu kinachomtazama kutoka dirishani.

Kurudi wodini hakukuwa tena kwa raha. Mvua ndefu ilinyesha yote nikiwa nimelala. Mate yalinitoka upande mmoja kama mtoto. Nilivalishwa nepi, na aliyenibadilisha mara nyingi ni Ombati, kwa mikono ile ya kuchomelea vyuma, akiwa amegeuza uso ili nisione macho yake. Aliniletea uji wa wimbi kwenye kikombe chenye mrija. Nilipewa soksi iliyokunjwa niibane kwa mkono wa kushoto, asubuhi na jioni. Wiki nyingi soksi ilinishinda. Mama wa Nyamarambe alikuwa ameshaondoka, na kwenye kitanda chake alilala msichana ambaye hakuwahi kuamka.

Siku nilipoweza kusema neno linaloeleweka, sikusema asante. Nilimwambia Ombati, “Birongo sirudi.”

Akanifuta mate mdomoni. Kisha akasema, “Najua.”

Kaka zake walimwita kikao. Mimi sikuwepo, Ombati alinisimulia baadaye, akiwa amekaa kwenye ndoo. Kaka mkubwa alisema mwanamke amekutoa kwa boma ya baba yako. Akauliza nani atakaa na mama. Ombati, ambaye maisha yake yote alitazama sahani, akajibu, “Mke wangu atatoka hapa. Atoke akitembea ama atoke kwa sanduku, nyinyi chagueni.” Omong'ina hakupiga kelele. Alisema tu, “Nikifa, usiguse mlango yangu.” Kwa mtu aliyezaliwa wa mwisho, hakuna neno lililobaki baada ya hilo. Alilia akinisimulia. Nilimwonea huruma, na ndani ya huruma hiyo kulikuwa na sauti ikisema: umechelewa.

Tulipanga chumba Sironga, karibu na shule, mahali ambapo hakuna anayejua mimi niliolewa wa ngapi. Asubuhi nasikia kengele na watoto wakikimbia, na moyo wangu haujali. Hii ilinichukua muda kuamini. Nilikuwa nikisikia patipati za jirani, nasubiri ule mdundo, hauji. Hedhi ilirudi wakati wa mavuno ya mahindi. Nywele ziliota, isipokuwa sehemu moja nyuma ya sikio ambayo Faith huifunika kwa ustadi akinisuka. Tembe za waridi zikaondolewa. Nyeupe nitameza mpaka nife. Mkono wa kushoto unashika kikombe lakini haujui kuchuma majani chai, na mdomo ukichoka huniangukia upande.

Usidhani nimeshinda. Faith anawalilia binamu zake. Ombati alikuwa akiimba besi kwaya ya Birongo. Hapa anakaa benchi la nyuma na kufungua kinywa kidogo. Sabato mchana tunakula watu watatu, chakula kinabaki, na hakuna anayekuja. Nimenunuliwa maisha kwa bei ya mlango wa mama yake, na sote wawili tunajua nani aliilipa.

Mwaka huu, mvua ilipopungua, nilikwenda kliniki mjini Nyamira kuchukua dawa kama kawaida. Nilikaa chini ya ule mchoro wa moyo. Mwanamke akaingia, akatazama huku na huku akitafuta nafasi, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Sikumtambua mpaka alipotembea.

“Mama Faith,” akasema.

“Mama Brian. Umemleta nani?”

“Nimekuja mwenyewe. Kule kwetu watu wanaongea sana.” Akaketi. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilinuka kitunguu. “Wamesema ni presha. Na tumbo inachoma. Silali.”

Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, nimeyapanga vizuri, na mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikibana soksi.

“Nani anapika Ijumaa?” nikauliza.

Akatazama sakafu. Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa, ukakivuta chini zaidi, nami nikaona nyuma ya sikio lake ngozi tupu, inang'aa. Nilingoja nisikie raha. Nilikuwa nimeisubiri hiyo raha muda mrefu. Haikuja, na nikamkasirikia kwa hilo pia.

“Omong'ina anasema mrudi,” akasema. “Hana hasira tena. Nyumba yenu iko tu, hakuna mtu ameguza kitu.”

“Mimi nilipona kwa kuhama.”

“Sisi tutahamia wapi? Baba Brian hana kazi.” Akanishika mkono, ule wa kushoto, akaufinya bila kujua kwamba ndio ulio mbovu. Macho yake yalikuwa yananisihi, hayakuwa na ubaya wowote, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. “Wewe rudi tu, mamaa. Ukirudi, mimi nitapona.”

Muuguzi akaita jina langu. Niliingia, nikaketi, nikakunja sweta. Mashine ikabana mkono. Muuguzi akatazama kadi yangu, akatazama mashine, akanipima mara ya pili.

“Presha imekuwa ikishuka vizuri hivi,” akasema. “Leo kuna nini?”

“Hakuna,” nikamwambia. “Nimepata mgeni.”